Rufaa ya Mwasiti na Siterne ya Yuma

Kama kuna mutu katika mutaa wote wa Mabanga aliyejua raha ya kushindwa kesi, ni Mwasiti, mujane wa Yuma dereva. Hukumu ilitoka mwaka wa sabini na tano, mume wake akashindwa, na mume alipokufa Mwasiti alirithi kule kushindwa pamoja na redio na masufuria. Akakaa miaka miwili ameshindwa vilevile, na kwa miaka hiyo miwili hakuna aliyemugusia hata jiwe moja. Taabu yake ilianza siku alipopatana.

Haya, tuanze na siterne yenyewe, lile tangi la mawe la maji ya mvua, maana ndiyo mama wa maneno haya yote. Goma imekaa juu ya mawe ambayo zamani yalikuwa moto. Ziwa liko pale chini, kubwa, unaliona ukisimama mulangoni, lakini ukitaka kuchimba kisima Mabanga utavunja jembe kabla ya kuona tone. Wanawake wanashuka ziwani na madebe, wanapanda na madebe, na shingo zao ndizo zinajua. Yuma alikuwa anaendesha lori ya Bunagana. Huko njiani aliona padri mumoja amejenga siterne ya kukinga mvua, akakaa akaitazama mpaka abiria wakapiga kelele. Aliporudi akaanza. Mwaka mzima, kila siku ya kupumzika, alibeba mawe meusi, akayapasua, akayapanga, akayafunga kwa simenti, mpaka siterne ikasimama nyuma ya nyumba, urefu wa mutu na nusu, na mufereji wa bati unatoka kwenye paa kuingia ndani yake.

Simenti ya mwisho ilipokuwa bado mbichi, Yuma akabandika kiganja chake cha kuume pale juu, karibu na mufuniko. Akamwambia muke wake: "Siku nikichelewa njiani, uangalie hapa. Utajua nitarudi."

Mwasiti alimucheka. Akasema ameharibu simenti ya bure.

Kisha akaja Ferdinand. Yeye alitoka milima ya Masisi, mutu wa ng'ombe na jibini, akanunua parseli, kiwanja cha jirani, mwaka wa sabini na tatu. Kwa karatasi aliitwa sitwayeni Bauma, yaani raia Bauma, kwa sababu serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo ya mapadri, lakini mutaani Ferdinand alibaki Ferdinand, ila tu kama mukubwa fulani anapita. Na mutu aliyekulia na ng'ombe anajua mupaka ni nini: leo ni hatua moja, kesho malisho yote yamekwenda. Akaleta mupima viwanja. Mupima akanyosha kamba yake, akakuna kichwa, akasema siterne ya Yuma imeingia kwa Ferdinand hatua moja na kidogo.

"Uibomoe," akasema Ferdinand.

"Uibebe wewe, kama unaweza," akasema Yuma.

Wakaenda tribinali. Ferdinand akashinda. Hukumu ikasema siterne ivunjwe, na siku ileile, kwa ile furaha ya mushindi isiyolala, Ferdinand akatia sahihi kwenye karatasi ya kumuomba huissier, yule mutu wa tribinali mwenye kazi ya kutimiza hukumu, aje avunje. Alilipa kila kitu mapema. Huissier akaja na burashi, akachora musalaba mwekundu ubavuni mwa siterne ili wenye nyundo wasipotee. Rangi ilinunuliwa na Ferdinand mwenyewe.

Lakini Yuma alikimbia kukata rufaa ng'ambo ya ziwa, Bukavu, na rufaa ikiisha kukatwa nyundo zinalala. Zikalala. Mwaka uliofuata lori ya Yuma ilianguka kwenye kona moja ya barabara ya Bunagana. Alichelewa njiani siku mbili, na siku zile mbili Mwasiti alisimama mbele ya siterne akiangalia kile kiganja, mpaka wakamuletea mwili. Tangu hapo hakucheka tena juu ya simenti.

Basi rufaa ikawa yake. Kila miezi michache aliitwa Bukavu, na Ferdinand aliitwa vilevile. Wakapanda boti moja, yeye nyuma na Ferdinand mbele, wasisalimiane, wafike, waambiwe kesi imeahirishwa, warudi kwa boti ileile wakiwa wamenuna. Mwasiti alisema hata shetani angechoka.

Mwezi wa nane mwaka wa sabini na nane, jua kali, vumbi mpaka kwenye meno. Séraphine, muke wa Ferdinand, alikuwa jikoni anayeyusha siagi. Jiko lenyewe lilikuwa la mbao, kama nyumba yote, kama mutaa wote. Mwasiti alikuwa uani kwake anakanda unga wa mikate ya mafuta anayouza asubuhi, akasikia mulio. Kuinua macho, moshi mweusi.

Sasa ungekuwa wewe ungefanya nini? Adui yako anaungua, na ziwa liko mbali. Mwasiti alikuwa na kila haki ya kuendelea kukanda. Lakini miguu haikumuuliza, akajikuta juu ya siterne, amesukuma mufuniko, anapaza sauti: "Leteni ndoo! Ninyi munatazama nini, sinema?" Watu wakapanga mustari. Jiko likaungua lote, nyumba ikapona, na ndani ya siterne kikabaki kitope cha kuosha mikono. Mwasiti alikaa akakiangalia. Akaona uchungu, akajitukana kwa sauti: maji ya marehemu yamezima moto wa yule aliyetaka kumubomolea.

Kesho yake asubuhi Ferdinand alisimama nje ya mulango wake na kondoo dume kwenye kamba. Kondoo muzima, anakula kamba.

"Sikumuchinja," akasema, macho yako chini. "Mutu wenu amuchinje kwa namna yenu, tule pamoja bila mashaka. Mama Mwasiti, mimi niko mupumbavu."

"Hilo lilijulikana zamani," akasema Mwasiti. "Ingia."

Walipatana kabla ya nyama kuiva, kwa maana watu wawili wakiisha kuchoka hawana maneno mengi. Siterne ikae pale ilipo. Ferdinand alete mufereji wa paa lake nao uingize maji. Bomba la pili litobolewe upande wake, Séraphine asishuke tena ziwani. Mara ileile Ferdinand akachukua chokaa akafuta ule musalaba mwekundu kwa mukono wake, watu wakapiga makofi. Wakala kondoo wakamumaliza. Na kwa sababu huwezi kula kondoo wa mutu halafu ukapanda boti kwenda kumushitaki, Mwasiti akasema wiki hiyohiyo ataondoa rufaa.

Wakaenda tribinali pamoja. Karani alikuwa mutu musafi, koti lake la abakosti limefungwa mpaka shingoni, penseli tatu mufukoni. Alipowaona wanaingia mulango mumoja alifikiri mumoja amemukamata mwingine.

"Tumepatana," akasema Ferdinand. "Mimi ndiye nilileta hii kesi. Niandike mimi ninaiondoa."

Karani akacheka. "Sitwayeni, wewe ulishinda. Mushindi anaondoa nini?"

"Basi uandike nimeshindwa."

"Hakuna nafasi ya kuandika hivyo." Akatoa fomu, akaigeuza ili waione. "Aliyekata rufaa anasema, naondoa rufaa yangu. Sahihi. Mwenzake anasema, nimekubali. Sahihi. Muhuri. Imekwisha."

Mwasiti akaitazama ile fomu kama mutu anayetazama samaki sokoni. "Na siterne? Andika hapo siterne inabaki."

"Mama, kama unataka mapatano yaandikwe, tutayaandika kwa Kifaransa, yavuke ziwa, majaji watatu wayasome. Hesabu mwaka. Hii fomu, wiki sita." Karani akaweka kalamu katikati yao. Halafu akasema neno, na neno hilo ndilo lililoharibu kila kitu. "Na tena, watu waliopatana kweli, wanaandikishana? Si nasikia mulikula kondoo?"

Wee! Hapo Mwasiti akaona haya. Alimutazama Ferdinand, na Ferdinand alimutazama yeye. Kweli ni kwamba kila mumoja alitaka iandikwe. Lakini nani ataanza? Ule nyama ya mutu, unywe mchuzi wake, ulambe vidole, halafu umuombe karatasi? Hiyo kwetu ni kumwambia mutu machoni kwamba ni mwizi. Mwasiti akatia sahihi kwa haraka, Ferdinand akatia kwa haraka zaidi, wakatoka wanasifiana.

Neno moja karani hakulisema. Si kwa ubaya, hakuulizwa. Rufaa ikiondolewa, hukumu ya kwanza inaamka. Ilikuwa imelala tu.

Mvua ya mwezi wa tisa ikanyesha ikajaza siterne kwa siku nne, kwa sababu sasa mapaa yalikuwa mawili. Séraphine akawa anapitisha jibini juu ya ukuta, Mwasiti anarudisha sahani na mikate, kwa maana sahani hairudi tupu. Asumini, binti ya Mwasiti, alikuwa karibu kuhamia kwa Séraphine kwa sababu ya maziwa. Chokaa ya Ferdinand haikuwa na nguvu. Mvua ikailamba kidogokidogo, na kufika mwezi wa pili ule musalaba mwekundu ukaanza kuchungulia. Mwasiti akamwonyesha Ferdinand. Ferdinand akasema kesho atapaka tena. Unazijua zile kesho.

Alhamisi moja ya mwezi wa tatu, saa nane ya mchana, Mwasiti yuko na mikono kwenye unga, huissier akaingia. Nyuma yake wanaume wawili na nyundo kubwa za kuvunja mawe. Huissier alikuwa mutu wa adabu. Alivua kofia.

"Mama, nakupa pongezi," akasema. "Rufaa imekwisha, karatasi imerudi kutoka Bukavu. Sasa hukumu imekuwa ya mwisho. Tunakuja kutimiza."

"Kutimiza nini? Tulipatana!"

"Hapa haijaandikwa." Akafungua jalada. "Hapa imeandikwa kuvunja. Na mwenye kuomba ni huyu."

Mwasiti hakujua kusoma Kifaransa, na tarehe hakuiangalia. Lakini sahihi ile aliijua: ule mukia mureefu kama wa ng'ombe, aliuona umekaa kando ya sahihi yake mezani kwa karani. Damu ikamupanda mpaka masikioni. Miezi sita ya sahani juu ya ukuta! Miezi sita ya "Mama Mwasiti, umeamukaje"! Akatoka uani na mikono myeupe ya unga, akapiga kelele mpaka wa mutaa wa pili wakasikia.

"Ferdinand! Nyoka wewe! Ulikula nyumbani kwangu, ukaniondoshea rufaa kwa kondoo! Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, mimi nikakivalisha mwenyewe!"

Mufanyakazi wa kwanza alikuwa amekwisha kupanda. Wanaanzia juu, ndiyo kazi yao inavyotaka. Nyundo ikashuka mara moja karibu na mufuniko, simenti ikapasuka, na kiganja cha Yuma kikaanguka chini vipande vitano. Mwasiti akapiga magoti, akavikusanya ndani ya beseni la unga, na kipande kimoja kikamuponyoka akakiokota mara tatu.

Ferdinand akatokea anakimbia, ametoka kukamua, maziwa mpaka kwenye viwiko.

"Simamisha! Nani amewatuma?"

"Wewe," akasema huissier. Akamwonyesha karatasi.

Ferdinand akasoma. Akageuka rangi. "Hii ni ya mwaka wa sabini na tano!"

"Ndiyo. Ilikuwa inangoja rufaa iishe. Imeisha. Ulilipa vizuri, sitwayeni, hatukudai kitu."

"Lakini sitaki tena!"

"Kutaka uliandika. Kutotaka umeandika wapi?"

Ferdinand akapanda juu ya siterne na viatu vyake vya zizini, akamusukuma yule mwenye nyundo, akakaa kitako juu ya mufuniko.

"Shuka," akasema huissier. "Unazuia hukumu."

"Ni hukumu yangu! Mimi ndiye nilishinda!"

"Uliiomba, serikali ikakupa. Sasa ni ya serikali. Shuka, au niite askari."

Hakushuka. Askari wakaitwa, wakaja wawili, wakamuvuta miguu, wakamutupa ndani ya gari lao. Na mimi nakuambia ukweli, mpaka hapo Mwasiti alikuwa bado anafikiri ni mchezo, wamepanga wote pamoja, Ferdinand na huissier na askari wao. Alipoona Séraphine anakimbia nyuma ya lile gari analia, ameshika kiatu kimoja cha mume wake kilichobaki, ndipo akaelewa. Ndipo akaona aibu ambayo hata ya kushindwa kesi haikuifikia.

Huissier akaangalia saa. Ilikuwa imekaribia saa kumi, na serikali haivunji kitu baada ya saa kumi. Akasema atarudi Jumamosi, siku ya salongo, maana siku hiyo kila raia analazimishwa kutoka na jembe lake kufanya kazi ya serikali bure. Mutaa wenyewe utavunja, akasema, itakuwa haraka. Akavaa kofia.

Ijumaa asubuhi Mwasiti alipika wali na maharage, akachota maji ya siterne kwenye chupa, akaenda kwenye kachoti walikomufungia Ferdinand. Walikaa yeye nje, Ferdinand ndani, na sahani katikati ya vyuma.

"Muchimba shimo anatumbukia mwenyewe," akasema Ferdinand na mudomo umejaa. "Baba yangu alikuwa anasema hivyo. Nilifikiri anasema juu ya watu wengine."

"Nilikuita nyoka."

"Nilisikia. Hata mji wa Sake wote ulisikia."

"Unisamehe, Papa Ferdinand."

"Mimi ndiye nilinunua ile rangi," akasema Ferdinand, akaacha kula. "Mukono wa muzee Yuma umevunjika kabisa?"

"Vipande vitano. Viko kwenye beseni."

Ferdinand akageuza uso ukutani. Mwasiti akamwachia chupa ya maji, akafunga kitambaa chake vizuri, akaenda tribinali.

Karani alikuwa amebakiwa na penseli mbili. Alisikiliza yote, akatikisa kichwa. Rufaa iliyoondolewa hairudi, akasema. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini kuna njia. Hukumu ikipingwa kwa kesi mpya, nyundo zinalala mpaka kesi hiyo iishe.

"Kesi na nani?"

"Na Ferdinand. Nani mwingine?"

"Ferdinand amefungwa kwa ajili yangu!"

"Hiyo ni nzuri. Tunajua mahali pa kumupata kumupelekea wito." Karani akachovya kalamu. "Haya, sema. Anataka kuvunja siterne yako?"

"Hataki."

"Basi hakuna kesi, na kesho wanavunja. Sema tena. Anataka kuvunja siterne yako?"

Ilikuwa Ijumaa, na kwa mbali muadhini alikuwa anaanza kuita. Mwasiti alifumba macho. Aliona kile kiganja kwenye beseni, na Yuma anapasua mawe siku ya kupumzika, na wanawake wanaopanda na madebe. Astaghafirullahi, akasema moyoni, wewe unajua.

"Anataka," akasema.

"Kwa ubaya?"

"Kwa ubaya mukubwa."

Karani akaandika kwa raha, ukurasa mzima, na ilionekana wazi kwamba hii kazi aliipenda kuliko fomu. Mwasiti alipomuambia safari hii ampigie mihuri yote aliyo nayo, akampigia minne.

Alirudi kwenye kachoti na karatasi. Ferdinand akaiweka juu ya goti lake.

"Umenishitaki?"

"Nimekushitaki."

"Asante, Mama." Akasoma polepole, kidole juu ya mustari. "Hapa wamesema mimi ni jirani mwenye chuki na roho mbaya, hatari kwa wajane."

"Karani aliongeza."

"Acha, iko vizuri. Ikaze." Akatia sahihi ya kuipokea na ule mukia wake mureefu, na safari hii aliuvuta mpaka ukatoka nje ya karatasi.

Jumamosi, huissier akafika na mutaa wote nyuma yake, majembe mabegani, watu waliokunywa maji ya siterne ile siku ya moto, nyuso zimeanguka. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Mwasiti akasimama mbele ya ukuta, akatoa karatasi kwa mikono miwili. Huissier akaisoma, akaigeuza, akahesabu mihuri, na uso wake ukafunguka.

"Kumbe muna kesi!" akasema. "Mungesema tangu Alhamisi. Kama kuna kesi, mimi sina kazi hapa." Akaomba kikombe cha maji, akanywa, akasema ni matamu, akawapeleka watu wa salongo kusafisha mitaro ya barabara.

Ferdinand aliachiliwa Jumatatu. Hakuingia kwake kwanza. Alileta simenti, akaomba lile beseni, akapanda juu, akavipanga vile vipande vitano pale karibu na mufuniko na kuvibandika, ulimi nje kama mutoto anayejifunza kuandika. Simenti ilipokauka ndipo wote wawili waliona: kidole gumba amekiweka upande usio wake. Yuma mwenye mukono wa kuume sasa alikuwa na wa kushoto. Ferdinand alitaka kuuvunja ili aanze tena.

"Acha," akasema Mwasiti. "Hapa hakuna kuinua nyundo tena." Akaugusa ule mukono, na mara ya kwanza tangu siku ya kaburi akacheka mpaka machozi, kwa sababu Yuma angetukana matusi ya madereva yote.

Ile kesi ina miaka sita sasa na ina afya nzuri. Wanaitunza wote wawili. Mwaka huu Mwasiti anaomba iahirishwe kwa sababu ya mugongo, mwaka ujao Ferdinand anaomba kwa sababu ya ng'ombe. Siku ya kuitwa wanavaa nguo safi, wanatembea pamoja mpaka kona ya tribinali, halafu wanaachana, mumoja anaingia mbele, mwingine nyuma, wamenuna.

Juzi walimukuta juge mupya, hakimu kijana, wa tabia njema. Alisoma jalada lote, lile la chuki na roho mbaya na wajane. Akavua miwani.

"Wazee wangu," akasema, "ninyi ni majirani. Muna mvi. Hamuwezi kupatana?"

Ferdinand akaangalia viatu vyake. Mwasiti akasimama.

"Tulipatana mara moja, muheshimiwa," akasema. "Yeye akafungwa, na mimi nikavunjiwa mukono wa mume wangu."

Juge aliumia sana moyoni kuona chuki nzito namna hiyo kati ya watu wazima. Akaahirisha kesi mpaka mwezi wa kumi, na wote wawili wakamwambia asante.